Bunduki ya upepo inakataa kukukaa mwilini? Dalili na vyanzo vyake kwenye stoki ya fildi tageti

Ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga pelleti zinaingia sehemu moja, alafu ukikaa chini kwenye mto wako kama tunavyokaa kwenye fildi tageti (FT, mchezo wa kupiga shabaha zenye tundu kwa umbali tofauti tofauti) zinaanza kutawanyika, basi usikimbilie skopu mpya (darubini ya kulengea), angalia kwanza stoki, yaani ule mwili wa bunduki unaoushika na kuuegemeza begani. Nasema hivi kwasababu mimi nilipoteza karibu msimu mzima nikibadilisha skopu na vishikizo vyake na kila aina ya pelleti, kumbe pedi ya shavu ilikua chini kwa milimita kama 8 tu. Milimita 8! Niliiinua kwa vipande vya kadibodi jioni moja na kesho yake nikawa napiga kama mtu mwingine.

Huu mchezo hausamehi. Kwenye mashindano yanayofuata sheria za WFTF (shirikisho la dunia la fildi tageti) nguvu ya bunduki mwisho ni jouli 16.27, yaani pelleti ya milimita 4.5 yenye uzito wa nusu gramu na kidogo inatoka na mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde, na shabaha zinafika mita 50 huku tundu ambalo pelleti inatakiwa ipite ni la milimita 40, zingine 25, zingine 15. Mwendo huo ni mdogo, kwahiyo pelleti inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko risasi ya bunduki kubwa, na kama mwili wako umeishikilia bunduki kwa nguvu za misuli, ile sekunde unalegea pelleti bado haijatoka. Ndo mana stoki ikikukaa vizuri unaona tofauti kubwa hivyo, inakuondolea kazi ya kushikilia.

Kabla hujagusa skrubu yoyote toa pelleti, toa magazini, hakikisha mtutu hauna kitu, na mtutu uelekee upande salama muda wote unaojaribu mikao. Alafu chukua tepu ya karatasi na penseli, weka alama pale kila kitu kilipo sasa hivi, pima na rula na piga picha. Watu wengi wanaruka hatua hii wakiamini watakumbuka, hawakumbuki, wanaishia kuchanganya kila kitu na hawajui tena walianzia wapi.

Na jaribio la kwanza kabisa ni lile la mfuko wa mchanga. Piga pelleti 10 kwa mita 35 bunduki ikiwa imeegemea vizuri. Zikitawanyika hata hapo, usihangaike na shavu wala bega, kagua skrubu za stoki, kagua vishikizo vya skopu, safisha mtutu, jaribu pelleti nyingine. Zikikaa pamoja kwenye mfuko alafu zikaachana ukikaa, endelea kusoma.

DALILI: kivuli kwenye skopu, shingo inauma, shabaha inakua safi alafu inapotea

Hii ndo nitakaa nayo muda mrefu kwasababu ndo inayosumbua watu wengi na ndo inayodanganya zaidi.

Skopu za FT huwa kubwa, lenzi ya mbele milimita 50 au zaidi na lile gurudumu la pembeni la kusoma umbali, kwahiyo inabidi ziinuliwe juu ya mtutu. Stoki ya kawaida imetengenezwa kwa skopu iliyofungwa chini karibu na mtutu. Matokeo yake shavu likigusa stoki jicho liko chini ya skopu, ukiinua kichwa ili uone vizuri shavu linaning'inia hewani halijashika kitu. Wewe unahisi umegusa, lakini ule mguso ni wa ngozi tu, mfupa wa shavu haujalala popote, kila pelleti jicho linakua sehemu tofauti kidogo.

Jicho likihama toka katikati ya skopu, ule msalaba wa kulengea ndani yake nao unaonekana umehama juu ya shabaha hata kama bunduki haijasogea. Ukiwa umefokasi sawasawa kwa umbali ule kosa linakua dogo sana, lakini kwenye FT gurudumu tunalitumia kupimia umbali, tunalizungusha kwenda na kurudi, mara nyingi linaachwa pembeni kidogo ya pale picha inapokua kali, na hapo ndo jicho lililohama linakula pointi. Kuna na la pili ambalo watu hawalifikirii: kama jicho haliko katikati hata kusoma umbali kunaharibika, kwahiyo unakosea kulenga NA unakosea umbali kwa shavu lile lile moja.

Jipime hivi. Kaa mkao wako wa mashindano, sio mezani, chini kabisa na mto wako na jaketi lako. Funga macho, weka bunduki begani, laza shavu kama mtu anayelala, pumua mara mbili tatu, fungua macho. Unaona picha nzima ya duara bila kivuli? Vizuri. Unaona kivuli, sasa inua kichwa taratibu bila kusogeza bunduki. Kivuli kikiondoka ukiinua, pedi ya shavu ipande. Kikiondoka ukikandamiza shavu chini zaidi, pedi ishuke. Kikiondoka ukisogeza kichwa kushoto au kulia, pedi inatakiwa isogee pembeni au ipunguzwe unene, na hili watu wenye mashavu mapana wanalijua vizuri. Kama ni kivuli cha pete pande zote, hapo urefu wa shavu hauhusiki, jicho liko mbali sana au karibu sana na skopu, soma dalili inayofuata kwanza kabla hujasogeza skopu.

Pedi kama haipandi, usitoboe stoki siku ya kwanza. Kata kadibodi vipande vya milimita 2, funga na tepu, jaribu, ongeza, jaribu tena, piga siku mbili tatu. Ukishajua kimo chako ndo utafute pedi ya kupanda na kushuka au uchonge ya mbao. Sponji laini siipendi hata kidogo, inabonyea, leo umebonyeza sana kesho kidogo, umerudi kule kule. Kama unataka laini basi iwe ile sponji ngumu nyembamba juu ya kitu kigumu.

Na usipandishe kupita kiasi. Ikiwa juu sana unakandamiza shavu kwa nguvu ili uone, misuli ya shingo inakaza, baada ya shabaha 20 inatetemeka na wewe unadhani ni upepo. Kichwa kinatakiwa kilale kwa uzito wake tu.

DALILI: kila ukiinua bunduki inakaa begani sehemu tofauti, au pete ya kivuli

Hapa ndo chanzo cha mengi, dalili unaiona jichoni lakini ugonjwa uko begani. Mpangilio ninaoufuata mimi na nimeushikilia ni bega kwanza, urefu wa stoki, alafu shavu, alafu mshikio (pale kiganja cha mkono wa triga kinaposhika) na triga, alafu mbele pale mkono mwingine unapobeba bunduki, uzito mwisho. Ukianza na shavu alafu ukaongeza urefu sentimita moja, shavu linahamia sehemu nyingine ya pedi na kazi yote umeirudia. Kwahiyo nimeelezea shavu kwanza kwasababu ndo unaloliona, ila kwa mkono anzia huku.

Urefu wa stoki ni toka triga hadi katikati ya kitako. Kuna ile njia ya zamani ya kuweka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko na kuona kama kidole kinafika triga, kwa mtu anayepiga amesimama inakupa pa kuanzia, ila kwa FT haitoshi kwasababu tunakaa tumejikunja mbele, mabega yamefunga, kichwa kimekwenda mbele. Stoki ikiwa ndefu utaona bega la nyuma linasukumwa, mkono wa triga umenyooka, kitako kinateleza kwenda nje kwenye msuli wa mkono, na skopu iko mbali hadi unanyoosha shingo kama kobe. Ikiwa fupi kidole gumba kinakaribia pua, kifua kimebanwa, pumzi haishuki vizuri. Ongeza au punguza nusu sentimita kwa mara moja, na vaa jaketi utakalovaa siku ya mashindano mana jaketi nene peke yake linaweza kubadilisha urefu kwa sentimita nzima.

Kimo cha pedi ya bega nacho. Ukiwa umekaa, bunduki inashuka kufuata goti, ukiangalia picha ya pembeni (mwambie mtu akupige, we mwenyewe huwezi kujiona) mara nyingi utakuta kona ya chini tu ya kitako ndo inagusa bega na nusu ya juu iko hewani, au kinyume chake. Kishushe au kipandishe mpaka kiguse chote. Bega lina kibonde chake na hicho kibonde hakijanyooka wima, kimelala kidogo kwenda kwapani, kwahiyo pedi nayo izungushwe ifuate, nyuzi chache tu. Wanaotumia pedi yenye ndoano ya chini inayoingia kwapani wanafaidika sana kwenye shabaha za mlimani na bondeni kwasababu kitako hakiponyoki, lakini angalia sheria za daraja unaloshindania kwanza, ndoano na vipimo vyake vina mipaka.

Baada ya hapo ndo usogeze skopu mbele au nyuma mpaka ile pete ya kivuli ipotee.

DALILI: pelleti zinaenda kando, upepo hakuna

Kwanza angalia kama umeinamisha bunduki. Bunduki ya jouli 16 iliyolengeshwa kwa mita 50 mtutu wake unaelekea kama sentimita 25 juu ya pale unapolenga, ili kufidia pelleti inavyoshuka njiani. Ukiinamisha bunduki nyuzi 5, zile sentimita 25 zinalala upande, pelleti inahamia sentimita 2 na kidogo kwenye upande uliouinamishia na inashuka kidogo. Tundu la milimita 40 toka katikati hadi ukingoni ni milimita 20. Umekosa, na msalaba ulikua katikati kabisa! Alafu kwa mita 15 hutaona chochote cha maana, ndo mana mtu anasema "karibu napiga vizuri, mbali zinaenda kulia" na anaanza kuzungusha skopu.

Funga pimamaji ndogo kwenye skopu. Ila kwanza hakikisha msalaba wenyewe uko wima, tundika timazi ukutani mita kadhaa, bunduki imenyooka kwenye mfuko, mstari wa wima wa msalaba ufuate uzi wa timazi, ndo ukaze skopu na pimamaji pamoja.

Sasa kama kila ukifungua macho kiputo cha pimamaji kimekimbilia upande ule ule, usikirudishe kwa kupinda kifundo cha mkono. Ukifanya hivo utapiga vizuri shabaha tano za kwanza alafu mkono utachoka na bunduki itarudi kule inakotaka. Zungusha pedi ya bega mpaka bunduki ikae wima yenyewe macho yakiwa yamefungwa. Hii naisisitiza mno, chochote unachokirekebisha kwa misuli kitakusaliti shabaha ya 35.

Kiputo kikiwa sawa na bado zinaenda kando, angalia mkono wa triga. Angalia msalaba sekunde triga inapoachia, ukiruka upande mmoja kila mara basi kidole kinasukuma. (Bunduki ya springi, ile ambayo springi inasukuma pistoni kubana hewa, usiifyatue bila pelleti kwa ajili ya zoezi hili, unaharibu pistoni na muhuri wake, piga pelleti halisi tu.) Mara nyingi kidole kinagusa ubavu wa stoki njiani, au mshikio ni mnene kiasi kwamba unafikia triga kwa ncha ya kidole, au ni mwembamba hadi kidole kinaingia mpaka kwenye kiungo. Unataka ile nyama ya kati ya pingili ya kwanza, na kidole kirudi nyuma moja kwa moja sambamba na mtutu. Mshikio mnene unachongwa kwa msasa taratibu, mwembamba unaongezwa kwa epoksi ile ya kukanda kama unga, unaifinyanga ukiwa umevaa glavu na umekaa mkao wako, ikikauka ina umbo la kiganja chako. Triga nyingi za bunduki za FT zinasogea mbele na nyuma, tumia hiyo kabla hujachonga kitu. Ulaini wa triga wenyewe usiushushe mpaka ifyatuke kwa kugongwa, hapo sio tena suala la pointi.

Kidole gumba mimi sikizungushi, nakilaza upande ule ule wa triga. Nikikizungusha nakamata kama nyundo. Wengine hawana shida hiyo.

DALILI: ukikaa msalaba unapanda na kushuka, hautulii

Tofautisha vitu viwili. Kama unadunda kwa mapigo, tik tik tik, ni moyo. Kama unayumba polepole ni misuli.

Ya moyo inatokana na pale mwili unapogusana, sehemu laini ya ndani ya paja au nyuma ya goti ikiwa imebanwa, mkanda umekaza, suruali inabana. Sogeza mkono mbele au nyuma ya goti sentimita mbili tatu utaona dundo linapungua. Legeza mkanda. Inasaidia kweli.

Ya misuli dawa yake ni hamsta, kile kibao kinachofungwa chini ya stoki mbele ya triga ili bunduki ikae juu zaidi ya mkono. Bila hamsta, au ikiwa fupi, bunduki iko chini na wewe unainama kuifuata, mgongo unakaza, shingo inakaza. Ikiwa ndefu mno bunduki inakua juu kama bendera na kila ukipumua inacheza. Kimo chako kinapatikana hivi: kaa, mkono wa mbele ulale juu ya goti ukiwa umelegea kabisa, kichwa kimesimama unavyojisikia vizuri, mtu wa pili ashike bunduki usawa wa jicho lako kisha apime nafasi iliyobaki kati ya kiganja na stoki. Hiyo nafasi ndo hamsta. Panga vibao na tepu kwanza, piga wiki, ndo utengeneze ya kudumu, na kimo cha hamsta nacho kina kikomo kwenye sheria, kisome.

Tahadhari moja nzito, ukitengeneza hamsta ifungwe kwenye stoki tu. Usitoboe, usikwangue, usibane kitu chochote kwenye silinda ya hewa. Mle ndani kuna mgandamizo wa baa 200 hivi, sio mahali pa kujaribu.

Kisha lile zoezi la kufunga macho tena. Lenga shabaha, funga macho, pumua mara tatu, fungua. Msalaba umeenda kulia? Usiurudishe kwa mikono, geuza makalio kwenye mto. Umeenda juu au chini? Sogeza mkono kwenye hamsta au kwenye goti. Ukiona kila siku ni juu tu hata baada ya kusogea, hamsta ipunguzwe.

DALILI: ukikaa unapiga, ukisimama ni msiba

Shabaha nyingi ni za kukaa kwahiyo mkao wa kukaa ndo uamue stoki, alafu tafuta kidogo cha kupunguza maumivu kwenye kusimama na kupiga goti. Ukisimama kitako kinataka kushuka ili bunduki ipande usoni, kama pedi yako inateleza kwenye reli weka alama mbili za penseli, ya kukaa na ya kusimama, kama sheria zinakuruhusu kuisogeza katikati ya mashindano. Kiwiko cha mbele kiegemee nyonga au mbavu, na hamsta ile ile ndo inakupa urefu wa kufika.

Uzito: bunduki nyepesi mbele inarukaruka, nzito mbele inakuvunja kiuno. Tafuta pale inapolingana ukiiweka juu ya kidole, iwe karibu na pale mkono wa mbele unaposhika. Ongeza vyuma vidogo vidogo, gramu 50 kwa mara, usiweke nusu kilo kwa siku moja ukashangaa.

DALILI: stoki imekaa vizuri ila shabaha imehama toka jana

Umekaza skrubu za stoki kwa nguvu tofauti na mwanzo. Au hamsta mpya imevuta sehemu ya mbele ikagusa mtutu. Kwa bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru usiguse stoki, pitisha ukanda wa karatasi katikati, ukikwama umepata mchawi, punguza mbao pale. Skrubu zikaze kwa zamu, kidogo hii kidogo ile, alafu chora mstari wa rangi toka kichwa cha skrubu hadi kwenye stoki, siku ikilegea utaona mstari umekatika kabla hujapoteza pointi. Stoki ya mbao pia inanyonya unyevu na kubadilika, hasa sehemu ulizochonga na kuziacha wazi, zipake mafuta ya mbao au vanishi siku hiyo hiyo.

Bunduki ya springi ina lake. Inaruka mara mbili kabla pelleti haijatoka, kwahiyo ukibadilisha pale mkono wa mbele unapokaa, shabaha inahama hata kama hukugusa skopu. Ukishapata kimo cha hamsta, weka tepu pale mkono unapolala, ishike kwa ulegevu ule ule kila mara, ndo ulengeshe upya, sio kabla.

Na jaketi likibadilika kwa sababu ya baridi, rudi kwenye alama zako za penseli, punguza ile nusu sentimita ya urefu, funga macho, laza shavu, angalia picha.